Waliotulilia Tukiwa Hai

Robi binti yangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya sanduku lisilofunga. Yeye anataka kuongeza blanketi, wewe unamwambia huko ng'ambo blanketi zipo. Mwache aiweke. Mambo ya blanketi, sabuni, pasipoti na nani wa kumsalimia Kisumu kabla ya kupanda treni ameyarudia mama yako mara nyingi mno, sasa hata mbwa anayajua. Mimi sina la kuongeza hapo.

Ninaandika kwa sababu ya karamu ya jana. Nilikaa pembeni na soda yangu nikiwasikiliza watu wazima wakikumwagia upuuzi, na wewe ukawa unaitikia. Hilo ndilo lililonikera. Upuuzi nimeuzoea, lakini sikuzoea kuuona ukipokelewa na wewe kwa mikono miwili.

Alianza mwalimu mkuu wako. Akavuta suruali juu ya tumbo, akatuarifu kwamba redio imetangaza watu wamekanyaga mwezi, kana kwamba sisi wengine hatuna masikio, halafu akasema wamefika huko kwa akili tupu. "Robi, huko unakoenda weka moyo kando," akasema. "Moyo ni kitu ya jikoni. Sayansi haitaki machozi." Watu wakapiga makofi. Nawe ukainama kidogo, ukasema, "Ndiyo, mwalimu."

Hajakaa vizuri, akainuka mchungaji. Yeye akasema hesabu ndizo zinazowapa vijana kiburi. "Fuata ule moto iko ndani yako, nyathina, mtoto wangu. Musa alipofika kwa bahari, alipima maji? Hakupima!" Watu wale wale wakapiga makofi yale yale. Nawe ukasema, "Amina."

Nilitaka kuinuka nikatoka. Mwalimu yule hajawahi kupenda kitu chochote duniani isipokuwa sauti yake mwenyewe, na ndiyo maana amefundisha miaka yote hii bila kumfanya mtoto hata mmoja apende kitabu. Wewe ulipenda vitabu kabla hujamfahamu, na jana alijigamba kwa kazi isiyo yake. Mchungaji naye alijenga kanisa kwa moto ulio ndani yake, bila kamba ya kupimia, na upepo umeliondoa paa mara mbili, na kila mara anamlaumu shetani. Hao ndio wanaokufundisha jinsi mambo makubwa yanavyofanyika.

Hebu tazama huo mwezi wenyewe. Mtu mwenye akili tupu angekwenda huko kufanya nini? Hakuna maji, hakuna malisho, hakuna hata jirani wa kumsengenya. Angepiga hesabu ya gharama, akaona haifai, akalala. Lazima alikuwepo mtu aliyeutamani mwezi tangu utotoni mpaka akawa kero kwa mke wake. Na mtu mwenye moyo tupu naye angepanda mti mrefu, akaruka, nasi tungemzika siku hiyo hiyo. Jambo hili ni wazi kiasi kwamba naona haya kuliandika, lakini jana hapakuwa na hata mtu mmoja ukumbini aliyeliona.

Sasa nije kwetu. Unakwenda kusomea miamba. Baba zako wadogo wamesema msichana anayesoma mawe ataolewa na mawe, na wakacheka sana, maana kwao huo ni werevu. Mimi nilipopata habari kwamba umechaguliwa nilifurahi mpaka nikaenda kujificha nyuma ya zizi, nisionekane. Lakini elimu hiyo ina siku yake mbaya. Siku moja utasimama kwenye mdomo wa shimo lililoporomoka, watu wamekuzunguka, nao watakuuliza wewe, mwenye vyeti, kama walio chini wako hai. Nimeona jinsi jibu la swali hilo linavyoua.

Umeambiwa tangu ulipokuwa bwenini kwamba mjomba wako Chacha aliuawa na mlima. Mlima ulituangukia, ni kweli, lakini haukumuua. Chacha aliuawa na matanga yetu wenyewe. Wanaojua ni mama yako, Bwana Zablon na mimi, basi. Mwita, mwana wa Chacha, hajui. Wakuria wa ukoo wao hawajui, na kama wangejua wakati ule wangeshuka na mishale mpaka ziwani, na ukoo wangu ungewapokea kwa mikuki, na leo ungekuwa huna upande wa kwenda kusalimia. Najua kwamba nikikuambia ninakutwisha mzigo. Soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Jinsi mama yako na mimi tulivyokutana unajua: Mjaluo wa upande wa ziwa na binti wa Kikuria kutoka Kehancha, kwenye machimbo ambako kila mtu alizungumza Kiswahili kibovu kwa sababu wakubwa hawakujua kingine cha kutuamrisha. Ndiyo sababu nyumba hii hugombana kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha magogo yanayoshikilia paa la njia za chini kwa chini. Machimbo yalipofungwa, watu wetu, watu werevu sana, wakaingia na kung'oa magogo yale wakajengee mabanda ya mbuzi. Mbuzi wa upande ule walikuwa na nyumba imara kuliko za wenyewe.

Kwa hiyo nilijua paa halina cha kulishikilia. Hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimeona mshipa wa dhahabu mwishoni mwa njia moja, siku chache kabla ya kufungwa, na mshipa ule ukakaa kichwani mwangu nikila, nikilala, nikiwa kanisani. Nikamwambia Chacha. Chacha alikuwa mtu wa kuvua shati kwanza na kufikiri baadaye, kwa hiyo yeye alikuwa tayari hata sijamaliza kusema. Mimi nilijiona ndiye mtu wa hesabu. Nikakaa kutwa nzima na penseli nikipiga hesabu ya magogo yaliyobaki, na kila jibu lilipokuwa baya nikaanza upya. Akili yangu yote niliitumia kutafuta sababu za kufanya jambo ambalo tamaa ilikwisha kuamua. Mtu wa namna hiyo ni mjinga kuliko mjinga wa kawaida, maana ana karatasi ya kuonyesha.

Mama yako aliuliza swali moja tu. "Hiyo magogo iko au haiko?" Nikamwambia haelewi mambo ya mgodi.

Tuliingia asubuhi. Tulikuwa hata hatujaufikia mshipa wenyewe paa liliposhuka nyuma yetu, kati yetu na mlango, likatufungia kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa jiko letu. Chacha akaanza kuvuta mawe kwa mikono, kwa nguvu zake zote, huku akilitukana kila jiwe. Nikamkemea aache, maana kila jiwe alilolitoa lilishusha mengine mawili. Akanitukana mimi. Nikamtukana yeye na ukoo wake, ambao ni ukoo wako pia, nisamehe. Tukachoka, tukaacha.

Hapo ndipo nilipoona ulimi wa moto wa karabai, taa yetu ya mgodini, umelala upande mmoja. Hewa ilikuwa ikienda mahali fulani. Ningekuwa peke yangu ningekaa nikautazama ulimi ule na kuutafakari mpaka taa izimike. Chacha angekuwa peke yake angeendelea kuvuta mawe mpaka ajizike. Lakini kwa kuwa tulikuwa wawili, mimi nilimwambia maana ya ule moto, na yeye, ambaye hakuweza kukaa kitako, akatambaa na kupapasa ukuta mpaka akaupata ufa. Mkono haukupita, lakini upepo ulipita, na maji yalidondoka hapo tukayalamba. Tukaanza kuugonga mwamba kwa nyundo, kwa zamu, tukijua watu wako juu na watasikia.

Hawakusikia, kwa sababu walikuwa wanatulilia.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye. Bwana Zablon unayemjua, anayekuja kila Krismasi na sukari na kukufundisha jometri kwa upole, wakati ule alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa karani wa upimaji aliyeachwa kulinda mitambo mpaka iuzwe, soksi mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni, na namna ya kukuangalia kana kwamba umekanyaga sakafu yake iliyodekiwa. Siku ya pili alipanda juu ya pipa akawatangazia watu. Njia ina urefu huu na upana huu, akasema, watu ni wawili, pumzi ya mtu ni kiasi hiki, kwa hiyo tangu jana jioni hakuna aliye hai. "Nimerudia hesabu, jibu ni lile lile. Mwende nyumbani mjitayarishe."

Hesabu yake haikuwa na kosa. Alipima kila kitu, isipokuwa hakwenda kuangalia kama mahali penyewe pameziba kweli. Alishuka kwenye pipa akaenda kunywa chai, na aliniambia mwenyewe kwamba aliinywa kwa raha, kama mtu aliyemaliza kazi.

Na kaka yangu Okumu alikuwa akilingojea tangazo kama lile. Okumu hulia vizuri. Katika ukoo wetu huitwa hata kwenye misiba isiyomhusu, maana akianza yeye, wote hufuata. Alijitupa chini, akajipaka udongo, akaziita sifa zangu zote, nyingine sikuwahi kuwa nazo. Sisemi kwamba hakunipenda. Alinipenda sana, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi: mapenzi yote yale, mayowe yote yale, na hakuna hata jiwe moja aliloliondoa. Ule mlima ulizungukwa na watu wenye nguvu wanaolia, na majembe yamelala.

Mama yako hakulia. Wanawake wa kwetu wakaanza kunong'ona bila kupunguza sauti. "Huyu nyar Kuria, binti wa Wakuria, ni mtu gani? Bwana amekufa, ndugu yake amekufa, na macho kavu!"

"Nitalia nikiona maiti," akawajibu. "Nani ameona maiti? Anionyeshe."

Kisha akaenda mpaka ofisini kwa Zablon, akasukuma mlango bila kubisha.

"Lete ramani."

"Mama Robi, pole sana. Lakini ramani haiwezi kusaidia kitu saa hii."

"Sikukuja kuchukua pole. Nimesema lete ramani."

Akaitandaza. Mama yako hakuwa amewahi kusoma ramani ya mgodi, lakini aliweka kidole kwenye ile njia yetu na kukipeleka polepole mpaka mwisho, na hapo mwisho akaona mstari wa nukta ukishuka kwenda bondeni.

"Hii nukta-nukta ni nini?"

"Ni njia ya zamani. Wale wa kwanza walichimba kutoka upande wa mto, wakaacha. Iliziba kitambo."

"Nani aliona imeziba?"

"Imeandikwa hapa."

"Sikuuliza nani aliandika. Nauliza nani aliona na macho."

Zablon aliikunja ramani akaitia mfukoni. Alivaa kofia yake, akachukua kamba ya kupimia, akamfuata. Nampa heshima yake hapo, maana wasomi wengi niliowajua wangesimama kutetea karatasi mpaka watu waoze.

Usije ukadhani mama yako alikwenda akachimba tu na Mungu akamwonyesha. Hivyo ndivyo mchungaji angeisimulia. Mama yako alifika bondeni, akaona mahali udongo ulipobonyea, moyo wake ukamwambia ni hapo, akaanza kupiga jembe kama mwenda wazimu. Zablon akapima kwa kamba, akatazama ramani, akamwambia si hapo. Hakusikia. Zablon akamshika mkono. Akasukumwa mpaka kwenye miiba. Akatoka humo soksi zimechanika, damu miguuni, akasimama mbele ya jembe lake.

"Mama Robi, ukichimba hapo utachoka bure, na hutawafikia. Nilikosa juu ya pipa, lakini kwa hili sikosei. Chimba hapa."

Mama yako alimtazama, jembe liko juu. Mtu huyu ndiye aliyetangaza kifo cha mumewe na cha kaka yake. Kila kitu ndani yake kilitaka kumkataa, na akili yake ikamwambia kwamba katika jambo hili anasema kweli. Akahamia pale alipoonyeshwa. Robi, wakati ule mdogo, jembe linapohama kutoka mahali moyo ulipotaka hadi mahali kamba ilipoonyesha, bila mikono kupunguza nguvu hata kidogo, ndio ninaouheshimu kuliko hotuba zote nilizosikia maishani. Zablon naye akavua shati, akashika beleshi, mtu ambaye hajawahi kushika kitu kizito kuliko rula.

Siku ya tatu Okumu akaleta ng'ombe.

Unajua desturi yetu. Mwanamume akifa, wanaume hukusanya ng'ombe, hujipamba kwa majani, hupiga pembe, na kukimbia nao kwa kelele kukifukuza kifo kiende zake. Kwa kuwa kifo changu kilikuwa mlimani, Okumu akaamua kukifukuza kutoka mlimani. Mama yako alisikia pembe akiwa ndani ya tundu, akapanda mbio, akasimama mbele yao.

"Msipite juu! Huko chini tumekuta ufa, upepo unapita, labda wako hai! Pitisheni ng'ombe kando!"

Okumu akamkumbatia, machozi yanamtiririka. "Shemeji, huzuni imekuchanganya akili. Kina mama, mshikeni."

Zablon akapiga magoti mbele yake, na soksi zile. "Mzee, hesabu yangu haikuwa kamili. Sijui kama wamekufa. Nakuomba."

"Wewe ndiye ulisema wamekufa!" Okumu akafoka. "Juu ya pipa, watu wote wakisikia! Sasa unataka niache kumheshimu ndugu yangu?"

Ndivyo walivyosaidiana, Robi, yule wa hesabu bila moyo na yule wa moyo bila hesabu. Mmoja alitoa hukumu, mwingine akaitekeleza, na mmoja alipojuta, mwingine alikuwa amekwisha kupata sababu yake.

Chini tulisikia vizuri kabisa. Nilitambua hata pembe ya Okumu, anavyoivuta mwishoni. Udongo ukaanza kutumwagikia mabegani. Chacha akacheka. "Sikia hiyo, shemeji! Kumbe mna ng'ombe wengi hivi, na mahari ya dada yangu mlilia ati hamna kitu!" Tukacheka wote wawili, nakuapia, tukisikiliza nikizikwa. Nikapiga nyundo kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele jina la kaka yangu. Juu yangu naye alikuwa akilipigia kelele jina langu.

Paa lililobaki likashuka upande aliokaa Chacha. Lilimbana kuanzia kifuani kwenda chini. Mikono yake ilikuwa huru na kichwa chake kilikuwa huru, na akili yake pia. Aliishi mpaka zile kelele za juu zikaisha na watu wakaenda kula.

Nilifikiri atatukana. Nilimtarajia atukane, nami ningetukana pamoja naye. Badala yake akasema, "Mwita asijue ni ng'ombe. Sema ni mlima."

"Chacha, ni ndugu zangu waliofanya hivi. Nitasema."

"Ukisema leo, watu wetu watakuja leo. Watoto wa dada yangu wako upande gani hiyo siku?" Akapumua kwa shida. "Sema ni mlima. Kwa sasa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mpate mtu wa kumwambia vizuri."

Huyo ndiye mtu wa kuvua shati kwanza. Maisha yake yote nilimwita kichwa maji, na mara nyingi alistahili, lakini kwenye lile giza aliipima hasira ya koo mbili na kuizima kwa maneno machache, huku akifa. Sijui mtu yeyote aliyesoma ambaye angeweza.

Mama yako alipenya jioni kwa ile njia ya zamani, matope mpaka kwenye nywele, Zablon nyuma yake na taa. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza, "Chacha?" Nikasogea tu aone. Hapo ndipo alipolia. Alilia vile vilio vyote alivyowanyima watu wa kwetu siku zile, mpaka Zablon akageukia ukutani. Alipomaliza nikamwambia alichosema kaka yake. Aliupangusa uso wa Chacha kwa kitenge chake, akasema, "Ni mlima." Na hivyo ndivyo alivyowaambia watu wao walipokuja kuuchukua mwili, na macho yake yakiwa yamevimba, nani angemwuliza zaidi? Watu wangu nao waliamini alikufa siku ya kwanza, paa liliposhuka.

Mimi nilirudi kwetu kesho yake, kwa miguu yangu. Nikasimamishwa getini. Kwa kuwa mwili wangu haukupatikana, Okumu alikuwa amekwisha kulizika tunda la mti wa yago, lile refu kama mkono wa mtu, mahali pangu, kama tufanyavyo kwa aliyepotea, na mtu aliyekwisha kuzikwa haruhusiwi kuingia bomani kwa lango. Okumu alinitazama, akanililia tena, sasa kwa hofu, wala hakunigusa. "Ondoka, wuod mama," akasema, yaani mwana wa mama yangu. "Ulishakufa vizuri." Kaburi langu liko pale mpaka leo na wanalipalilia. Sijui kama nicheke. Mama yako alinishika mkono tukaja kuishi huku kwao, na watu wa Chacha wakanipa shamba, wakasema aliyekuwa na ndugu yao mwisho wake ni ndugu yao. Kila siku nala chakula chao nikiwa na uongo mdomoni, na ladha yake haijazoeleka.

Ndiyo sababu jana nilikasirika uliposema ndiyo kwa huyu na amina kwa yule. Siku ukisimama kwenye shimo nawe hujui kama walio chini wako hai, sema hujui, hata kama watu wanalia wakitaka jibu, hata kama vyeti vyako vitaonekana vya bure. Kisha shika sururu ukiwa bado unapiga hesabu. Mengine utafundishwa huko na watu wanaojua kuliko mimi.

Lakini hili la Mwita hawatakufundisha. Kesho ndiye atakayekubebea sanduku mpaka kwenye basi. Amekuwa mkubwa, ana mabega ya baba yake na hasira ya baba yake, na wiki iliyopita aliniuliza, akinitazama machoni, kama baba yake aliteseka. Nilimwambia hapana, nikaenda kufunga ng'ombe waliokwisha kufungwa. Mimi siwezi kumwambia, Robi. Nikifungua mdomo atatoka Okumu na pembe yake, na chuki yangu yote itamwingia Mwita kabla hajapata nafasi ya kuomboleza. Mama yako hawezi, maana amelifunga jambo hilo kwa nguvu kiasi kwamba akilifungua hatabaki kitu. Nimetafuta mtu wa kumwambia vizuri kwa muda mrefu, na jana, katika hasira zangu zote, nilikuona tu wewe.

Usimwambie kesho. Kesho mtakuwa mnaagana, na jambo hili halisemwi na mtu anayelia. Wala usilikalie mpaka lipoe ndani yako, ukaja kulisoma mbele yake kama Zablon juu ya pipa. Wewe utajua wakati, mimi sikujua. Vyeti vyako leta, vitundike ukutani, mama yako atavifuta vumbi kila Jumapili. Lakini siku utakapomwambia Mwita jinsi baba yake alivyokufa, naye akalia mpaka akamaliza, na akimaliza asichukue upinde, siku hiyo nitajua umesoma.

Niliye hai,

Baba yako.